Ciarunji na Mbegu za Nchi ya Baridi

Kwetu Karurumo hakuna mtu aliyewahi kuuliza mchana una urefu gani. Angemuuliza nani, na kwa nini? Jua linachomoza saa kumi na mbili na ushei, linatua saa kumi na mbili na ushei, Januari hivyo, Julai hivyo. Tunachobishania sisi ni joto na baridi. Februari anga imetakata, mlima unaonekana mpaka theluji yake, na udongo wa njiani unaunguza nyayo. Julai wingu linashuka na kukaa juu ya migomba kama mgeni asiyejua kuaga, manyunyu yanaanza, na watu tunajifungia jikoni kuota moto. Huo ndio msimu tunaouita gathano. Mchana wake haupungui hata kidogo, ila jua limefichwa. Nayasema haya mapema kwa sababu usipoyajua hutaelewa jinsi Ciarunji alivyotendwa, nami nataka uelewe na ukasirike pamoja nami.

Mimi naitwa Lenah. Kwa miaka mingi nilipanga maharagwe yangu sokoni karibu na vitunguu vyake, na ukitaka kumjua mtu, kaa naye sokoni siku isiyo na wanunuzi. Ciarunji hakuwa mtu wa maneno mengi. Mimi ndiye niliyeongea, yeye akicheka kwa mabega. Lakini vitunguu vyake vilijiuza vyenyewe: vyekundu, vigumu, shingo nyembamba iliyokauka vizuri, ile aina tuliyoiita Bombei. Wanawake walitupita sisi wengine wakaenda moja kwa moja kwake. Tulimwonea wivu waziwazi na kumtania kwamba lazima anavinong'oneza wakati mumewe amelala.

Hakunong'oneza chochote. Alivitazama tu, kila siku, kama mama anavyomtazama mtoto mwenye homa. Alitia majivu ya jikoni kwenye mistari ili wadudu wasikate mizizi. Shingo zilipoanza kulegea aliacha kumwagilia, hata kama majirani walimwambia anaviua kwa kiu. Majani yalipoanguka yenyewe aliving'oa na kuvilaza, kichwa cha hiki kikifunikwa na majani ya kile, jua livikaushe bila kuviunguza. Kisha alivifunga mafungu na kuvining'iniza ukingoni mwa paa. Hapo nako alikuwa na utaratibu wake. Mwezi wa Juni jua letu huegemea upande wa Meru, kaskazini, na kivuli cha nyumba huangukia upande wa Siakago. Desemba mambo hugeuka. Basi Ciarunji alihamisha mafungu yake kutoka upande huu wa paa kwenda ule, akilifuata jua, na watoto walijua Krismasi inakaribia walipoona vitunguu vimehama.

Mumewe alikuwa Nyaga, mtu mpole, mpasua mbao. Nyaga alikuwa na mdogo wake, Muriithi, na huyu ndiye wa kumtazama. Ciarunji alipoolewa, Muriithi alikuwa mtoto anayeanza kutembea, na mama mkwe alikuwa ameshaanza kuugua miguu, hawezi hata kuinama kuwasha moto. Bibi harusi huyo mpya ndiye aliyembeba shemeji yake mgongoni akienda kuteka maji. Alimlisha, akamwogesha, akamtibu surua. Mtoto akamwita mama, naye akamwita mwanangu. Vitunguu vilipouzwa vizuri, Muriithi ndiye aliyenunuliwa kaptura ya shule kwanza, kabla ya binti zake mwenyewe. Nilikuwepo, niliona. Mwaka wa sabini na mbili kijana akapata nafasi ya kwenda kusomea kilimo katika nchi moja ya mbali yenye theluji, na Ciarunji alilia siku ile kuliko mama mkwe.

Muriithi alikaa huko miaka minne. Katika miaka hiyo Nyaga aliugua kifua akafa, akamwacha Ciarunji na binti wawili, bila mtoto wa kiume.

Shamba la juu, lenye kahawa na nyumba, lilikuwa limeshagawanywa. Kilichobaki bila mwenyewe ni kile kipande cha chini kando ya kijito, mahali pekee penye maji wakati wa kiangazi. Nyaga na Ciarunji walikilima siku zote. Vile vitunguu vyote nilivyovitaja vilitoka hapo. Lakini kilikuwa bado kwa jina la marehemu baba mkwe, na wazee wa ukoo wakaanza kunung'unika kwamba mwanamke mwenye wasichana watupu atakikabidhi kwa watu wa nje. Msemaji wao alikuwa Mwaniki, ami yake Nyaga, mzee asiyependa fujo. Muriithi aliporudi, Mwaniki aliwakalisha wote na kukata shauri. Ciarunji alime kile kipande mwaka mzima kwa mikono yake, kama mjane, bila mume. Mwisho wa mwaka ukoo ukikutana nyumbani kwa mama mkwe, alete chakula kilichotoka pale. Akiulisha mkutano, kipande ni chake na cha binti zake. Akishindwa, kiende kwa Muriithi.

Hakuna aliyepinga, hata Muriithi. Tuliomjua Ciarunji tulicheka kimoyomoyo, kwa sababu hilo halikuwa jaribio. Ilikuwa njia ya Mwaniki ya kumpa shamba bila kuwaudhi wazee wenzake.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na karamu ya kumkaribisha Muriithi. Tulikula mukimo wa viazi na mahindi mpaka tukashindwa kuinuka, na yeye akasimama, amevaa koti zito lisilo na kazi Karurumo, akatusimulia nchi ya watu. Alisema kule mwezi wa Juni jua halitaki kutua. Saa nne za usiku watu bado wako nje wanasoma magazeti kwa mwanga wa jua. Halafu Desemba mchana ni mfupi sana, ukichelewa kidogo kula chakula cha mchana unakilia gizani. Huko, akasema, baridi na joto vinaletwa na urefu wa mchana. Tuliangua kicheko. Mzee mmoja akamuuliza mbuzi wa huko wanarudi zizini saa ngapi, na mwingine akasema kijana ametia chumvi mpaka chakula hakiliki. Ciarunji alicheka kuliko wote, kwa furaha ya kumwona mwanawe amerudi na hadithi.

Baada ya karamu Muriithi akamletea mkebe wa mbegu za vitunguu. Zawadi ya kutoka huko, akasema, kubwa kuliko Bombei, kitunguu kimoja kinajaza kiganja. Alimwambia ukoo wote utashangaa. Ciarunji alikuwa na mbegu zake mwenyewe, zimefungwa kwenye kitambaa juu ya moto jikoni, akaziacha papo hapo. Nilimwambia angalau achanganye, nusu hizi na nusu zile. Akanitazama kama niliyemtukana mtoto wake.

Alizisia Aprili mvua ilipokolea, akaihamisha miche mwanzoni mwa Juni. Ilishika vizuri ajabu. Majani yalikuwa mazito, ya kijani cha buluu, na watu wapitao njiani walisimama kuyatazama. Gathano ikaja na manyunyu yake. Agosti ikapita. Septemba, wakati ambapo Bombei ingekuwa imeshajaza kichwa na kuanza kulala, Ciarunji alichimbua udongo kwa kidole pembeni mwa mche mmoja, na chini hakukuwa na kitu. Shingo nene tu, nyeupe, imekwenda chini moja kwa moja mpaka kwenye mizizi. Akachimbua mwingine, na mwingine.

Alimwita Muriithi. Akaja na viatu vyake vya mjini, akachuchumaa, akapapasa majani, akasema ni ile baridi ya Julai bado imo udongoni. Hizi mbegu ni za polepole, angoje joto la Oktoba. Basi akangoja. Mvua za Oktoba zikaanza, wanawake wote wa bonde lile wakapanda mahindi na maharagwe, mazao ambayo yangetoa kitu cha kuweka mezani Desemba, hata kama ni maharagwe mabichi. Mimi nilimsihi ang'oe apande. Akamuuliza Muriithi, naye akasema kung'oa sasa ni kutupa kazi ya mwaka, vitaweka vichwa mara moja jua likikaza. Novemba alisema ni mvua imezidi. Kila alipokuja alikunywa chai jikoni kwake, akamwita mama, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akaenda zake.

Na sisi wenye midomo tulifanya nini? Tulitoa shauri. Mmoja alisema samadi imezidi. Mwingine alisema akanyage majani ili nguvu ishuke chini, naye akayakanyaga, akilia. Mwingine alisema akate maji. Wote tulizungumza juu ya joto, baridi, maji na mbolea, kwa maana hayo ndiyo tunayoyajua. Hakuna hata mmoja aliyesema neno juu ya mchana. Mchana wetu hauzidi wala haupungui, nani angeufikiria? Kisha wakaanza wale wa kusema kwa sauti ya chini kwamba mjane ana mkono uliopoa, kwamba Nyaga ameondoka na baraka ya shamba. Maneno hayo yalimfikia. Nilimwona yalipomfikia, sokoni, akipanga ndizi za kuazima.

Siku ya mkutano Ciarunji aliingia kwa mama mkwe na kikapu cha majani ya vitunguu. Majani, basi. Mama mkwe, Mungu amrehemu, aliyakatakata mwenyewe, akayatia kwenye mchuzi, akasema ni matamu. Wazee walikula wakitazama sahani. Mwaniki akauliza kama kuna kingine kitakachofuata, na Ciarunji akasema hakuna. Mzee hakuwa na njia. Neno lake mwenyewe lilikuwa limemfunga. Kipande cha mtoni kikaenda kwa Muriithi, ambaye alisimama akasema kwa unyenyekevu kwamba anakipokea kwa uzito, na kwamba mama yake hatakosa mboga.

Kweli hakukosa. Alimpa sukari, alimpa blanketi, alipopata kazi ya ofisa wa kilimo alimletea majani ya chai kila alipokuja likizo. Kule mtoni alipanda nyasi za ng'ombe na kuweka pampu. Ciarunji alimsifu kila mahali. Hakupanda kitunguu tena. Ukimwuliza alisema mkono umekataa. Alikuwa hajafika miaka arobaini. Aliuza ndizi, akapanga mafungu yake kwa uangalifu ule ule, lakini hakucheka kwa mabega tena, na wateja wakamsahau. Binti zake wakaolewa, mmoja Runyenjes, mwingine Siakago. Nyuma ya jikoni alihamishia mstari mmoja wa vile vitunguu vya Muriithi, akikata majani kwa ajili ya mchuzi. Nikimwambia aving'oe alisema ni zawadi ya mwanawe, kosa si la mbegu.

Miaka ikaenda, kumi na zaidi. Mwishoni mwa miaka ya themanini kulikuwa na siku ya wakulima kwenye shamba moja juu ya Karurumo. Watu walitoka mpaka upande wa Meru na Mbeere, kwa hiyo hotuba zilikuwa za Kiswahili. Msemaji mkuu alikuwa Muriithi, sasa ana kitambi na miwani. Ciarunji alikaa mstari wa mbele, kichwa amekifunga kitambaa kipya, na aliniambia mara mbili nimtazame jinsi anavyosimama. Mwanamke mmoja wa Siakago aliinua mkono akauliza juu ya mbegu fulani za vitunguu kutoka ng'ambo, zenye picha nzuri kwenye pakiti.

"Achana na hizo kabisa," Muriithi akasema. "Hizo mbegu zimezoea siku ndefu. Huko jua inakaa mpaka usiku, na kitunguu ya huko inangoja hiyo mwangaza ndio ianze kuweka kichwa. Si joto, si baridi, ni mwangaza. Hapa kwetu mchana ni masaa kumi na mbili, Januari mpaka Disemba. Hata ukimwagilia miaka kumi, utapata majani tu."

Watu waliitikia kwa vichwa. Yule mwanamke wa Siakago alishukuru akakaa. Ciarunji akasimama. Sikuwahi kumwona akisimama mbele ya watu maisha yake yote.

"Na wewe," akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "hayo maneno uliyajua lini?"

"Aa, hiyo ni kitu ya zamani, mama. Mwaka wa kwanza huko, ndiyo walianza kutufundisha."

Alikuwa ameshageukia swali lingine. Kisha maneno yake mwenyewe yakamfikia, nikaona mkono wake ukienda kwenye miwani na kubaki hapo. Mwaka wa kwanza. Mkebe aliuleta baada ya mwaka wa nne. Alijua alipoununua, alijua alipomkabidhi, alijua alipochuchumaa Septemba akapapasa majani. Alipomwambia angoje joto, alijua kwamba hata jua la Oktoba lichome vipi, kitunguu kile kinangoja mchana ambao kwetu haujawahi kuja wala hautakuja. Alimngojesha mpaka mvua za kupandia zikampita. Na lililonikata maini zaidi ni kwamba alikuwa ametuambia sote, kwenye karamu, na koti lake zito, nasi tukacheka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mimi nilitukana njia nzima, kwa Kiembu na kwa Kiswahili, nikasema nitakwenda kumvua miwani mbele ya mke wake. Tulipofika kwenye kona ya mtoni, mahali unapoona zile nyasi za ng'ombe, Ciarunji alisimama.

"Kwa hiyo haukuwa mkono wangu," akasema.

Akakaa chini ukingoni mwa njia, akalia kama mtoto, nami nikakaa naye. Sijui kwa nini watu husema ukweli unaponya. Siku ile ulimvunja upya, kwa sababu alichokuwa ameibiwa si kipande cha shamba tu. Alikuwa ameibiwa mtoto aliyemlea, na miaka yote aliyokuwa akijilaumu mwenyewe badala ya mwizi.

Wiki hiyo aliung'oa ule mstari nyuma ya jikoni, akawapa mbuzi. Kisha akaja kwangu kuomba mbegu za Bombei. Nilikuwa nazo, mbegu ambazo mama mkwe wangu aliziomba kwake zamani na sisi tukaendelea kuzitunza. Alizisia, akahamisha miche mwanzoni mwa Juni kama zamani, akabeba maji kwa kichwa kutoka kijitoni kupita kando ya ua wa Muriithi. Gathano ikaja, wingu likakaa juu ya migomba, baridi ikauma kama miaka mingine yote. Nilikwenda kila siku kutazama. Niliogopa kuliko yeye. Kabla Agosti haijaisha udongo ulianza kupasuka taratibu kuzunguka kila shina, na wekundu ukachungulia. Ciarunji alipiga magoti, akakigusa kimoja kwa kidole.

Alipovuna na kuvikausha, alichagua kimoja, kikubwa, akaniambia nifuatane naye. Tulimkuta Muriithi sebuleni kwake, yuko likizo. Mke wake akatuletea chai ya maziwa na mkate. Ciarunji akaweka kitunguu mezani, kati ya vikombe.

"Hiki nimekitoa nyuma ya jikoni," akasema. "Mchana ni ule ule."

Muriithi alikitazama. Mke wake alitutazama sisi, hajui kuna nini. Nilidhani atakana, na nilikuwa nimejiandaa na matusi ya kutosha. Hakukana.

"Mama," akasema, "lile shamba lingekwenda kwa waume wa wasichana. Ni la baba yetu."

"Ungeniambia hivyo. Ningekasirika, tungekwenda kwa Mwaniki, tungegombana kama watu. Lakini uliniacha niuogope mkono wangu mwenyewe, na huo mkono ndio uliokulisha."

Hakupandisha sauti. Shamba hakuliomba, na halikurudi. Mpaka leo zile nyasi ziko pale. Muriithi alisogeza kikombe kuelekea kwa Ciarunji.

"Kunywa chai, mama."

Ciarunji akasimama, akajifunga leso vizuri. Kwetu mtu hatoki ndani ya nyumba na kuacha chai aliyowekewa, hata kama ni ya adui.

"Asante, Bwana Muriithi," akasema, na tukatoka.

Vitunguu vyake vimerudi sokoni, na wivu wangu umerudi navyo. Muriithi amestaafu, anaishi hapo juu ya kijito, na asubuhi hukutana na Ciarunji njiani akitoka kuteka maji. Yeye bado anamwita mama. Ciarunji anatua mtungi, anamjibu salamu kwa adabu kamili, na anamwita Bwana Muriithi, kama tunavyomwita sisi wengine.